Jibu la Kwanza Liwe la Karani

Kabla akili unde haijaingia katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam, karani mzuri wa nyaraka tulimjua kwa simu alizopiga bila kutumwa na mtu. Alipewa ankara, hati ya shehena na orodha ya vifungashio, akatakiwa kutafuta msimbo wa kila bidhaa ili tamko la forodha liandaliwe. Angeweza kusoma karatasi, akajaza, akaenda zake kunywa chai. Karani mzuri alisoma, akasita, akanyanyua simu: "Shikamoo mama. Hapa wameandika mabomba ya plastiki. Unayapeleka kwenye ujenzi au shambani?" Mteja akishajibu kwamba ni mtambo mzima wa kumwagilia nyanya kwa matone, kazi ilibadilika, maana bomba la kawaida na mtambo wa umwagiliaji havikai sura moja katika kitabu cha ushuru.

Niwaeleze kidogo wasioijua kazi hii. Bidhaa zinazovuka mipaka karibu dunia nzima hupangwa kwa mfumo wa HS, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, Brussels. Sura zake zinafika 97, ya 77 ikiwa imeachwa wazi, na ndani yake mna makundi zaidi ya 5,000 ya tarakimu sita. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza tarakimu zake juu ya hizo na kupanga viwango vya ushuru vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyake vyenyewe. Kuhama kutoka kundi moja hadi la jirani kunaweza kumwokoa mwagizaji au kumfilisi. Mwanzoni mwa kitabu kuna kanuni sita za kufasiri, na kila karani huzikariri. Lakini kanuni hazimjui mtu anayeungoja mzigo. Anayemjua ni karani aliyeuliza.

Mkuu wetu wa nyaraka alikuwa mzee aliyeanza kazi enzi za fomu za karatasi, kabla ya mfumo wa kompyuta wa forodha wa ASYCUDA, na muda mrefu kabla ya ule wa TANCIS uliokuja 2014. Ukimpelekea swali la kivivu, hakukujibu. Alisema, "Nenda kauone mzigo." Ukapanda daladala mpaka bandari kavu, ukaomba uoneshwe boksi, ukashika kitu kwa mkono wako, ukarudi na jasho na jibu. Wengi tulinung'unika. Leo nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tukibishana naye mezani kwa hoja, naelewa kwamba alikuwa anatujengea uthubutu. Mtu aliyeshika kitu kwa mkono wake haogopi kukisemea.

Kisa ninachowasimulia vijana zaidi ni cha vipuri kutoka India. Ankara ilisema rimu, spoki na ekseli za inchi 24. Kwa macho ya haraka ni vipuri vya baiskeli, na rimu na spoki za baiskeli zina mahali pake panapojulikana: 8714.92. Kijana aliyepewa faili lile hakuwa na muda mrefu kazini. Aliona kuwa mwagizaji ni kituo kinachohudumia watu wenye ulemavu, akajiuliza kituo kama hicho kinataka rimu nyingi kiasi hicho za nini. Akapiga simu. Vilikuwa vipuri vya viti vya magurudumu, ambavyo vina kundi lao, 8714.20. Hakuishia hapo. Alijua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa vifaa vya watu wenye ulemavu, hivyo akachukua bodaboda mpaka kituoni kufuata barua zilizohitajika. Jioni alimwambia mzee, "Nimechelewa kurudi, nilikuwa natafuta barua." Mzee akamjibu, "Hujachelewa, mwanangu." Mama msimamizi wa kituo alikuja mwenyewe ofisini kutushukuru, akataka kumwona kijana.

Hakuna mwongozo wa kazi ulioandika kwamba karani asome jina la mwagizaji na kulitilia shaka. Yule kijana alifanya hivyo kwa sababu aliliona faili lile kuwa lake. Huko ndiko kujituma ninakokuzungumzia, na ndiko nilikokuona kukififia.

ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Haukupita muda mrefu wauzaji wa programu wakaanza kubisha hodi kwenye ofisi za mawakala, nasi tukanunua moja. Ilisoma ankara iliyopigwa picha, ikatambua kila bidhaa, ikapendekeza msimbo na kuweka pembeni asilimia ya uhakika wake. Sitaki kuidharau. Mtu aliyewahi kukaa na ankara ya vifaa vya ujenzi kutoka Guangzhou, mistari mamia, nusu yake Kichina, huku meli imeshatia nanga na mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi kwa hofu ya gharama za kuhifadhi kontena, anajua ule ulikuwa ukombozi. Kazi tuliyokuwa tukiikeshea ilianza kuisha kabla ya chakula cha mchana. Makarani wapya, waliokuwa wakichukua miezi mingi kabla ya kukabidhiwa mafaili makubwa, walianza kuyabeba mapema. Baadaye nilisoma utafiti wa Erik Brynjolfsson na wenzake, waliowafuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 katika kampuni moja ya programu: ripoti yao ya 2023 ilionesha kwamba akili unde iliongeza kazi iliyokamilika kwa saa kwa asilimia 14 kwa wastani, na kwa wageni wa kazi asilimia 34, huku wazoefu wakiguswa kidogo sana. Hicho ndicho tulichokiona sisi pia.

Tatizo lilikuja na utaratibu uliofungashwa pamoja na programu. Karani alifungua faili akakuta msimbo umeshaandikwa. Kuukubali kulihitaji kubofya mara moja. Kuubadilisha kulifungua dirisha la maelezo: kwa nini unapingana na pendekezo, una ushahidi gani, nani amekuidhinishia. Na kila Ijumaa ilitoka ripoti yenye safu mbili kwa kila jina, kasi ya kumaliza mafaili na idadi ya mapendekezo yaliyobadilishwa. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoa fedha nyingi, aliogopa makosa ya makarani wapya, na alitaka kujua nani anaichezea mashine. Ripoti ile ilisomwa kwenye kikao mbele ya wote.

Mwanzoni watu walibishana na mashine kwa furaha. Miezi michache baadaye ofisi ilikuwa kimya. Simu za kuuliza wateja zilipungua, na safari za bandari kavu zikabaki za wale waliotumwa rasmi.

Kisha ukaja mzigo uliofanana mno na ule wa kijana. Rimu, spoki, na mwagizaji ni hospitali. Mashine ikapendekeza vipuri vya baiskeli, uhakika zaidi ya asilimia tisini. Dada aliyelishika faili lile nilimfahamu vizuri, mmoja wa makarani wakali tuliokuwa nao. Alikubali pendekezo. Mimi, niliyekuwa naibu msimamizi wa kitengo, nililiona wakati wa ukaguzi wa mwisho, nikaliondoa kabla halijatumwa, nikamwita pembeni.

"Dada, uliona jina la mwagizaji?"

"Niliona."

"Ukafikiria nini?"

"Nilifikiria viti vya magurudumu. Hata kile kisa cha yule kaka nilikikumbuka."

"Sasa mbona hukupiga simu?"

Alinitazama kidogo. "Kaka, nikibadilisha naandika maelezo, na Ijumaa jina langu linasomwa. Nikikubali na ikawa kosa, ni la mashine. Wewe ungefanyaje?"

Mazungumzo yale yalinisumbua kuliko lolote nililosikia kazini. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu jingine kabisa, kwamba mashine inawafanya watu wasahau kazi. Hilo nalo lipo, na ushahidi wake unazidi kuongezeka. Mwaka 2025 jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology lilichapisha utafiti kutoka vituo vinne vya Poland vya kupima utumbo mpana kwa kamera. Madaktari walipozoea kusaidiwa na akili unde, kisha wakapima bila msaada huo, kiwango cha wagonjwa waliogundulika kuwa na vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani kilikuwa asilimia 22.4, ilhali kabla programu haijaletwa kilikuwa 28.4. Hao walikuwa madaktari wazoefu. Na mwaka 2023 watafiti wa Harvard na wenzao waliwapima washauri 758 wa Boston Consulting Group. Kwenye kazi ambazo mashine inaziweza, waliosaidiwa walienda haraka na kwa ubora zaidi. Kwenye zoezi lililochaguliwa makusudi kwa sababu mashine inalikosea, uwezekano wa kupata jibu sahihi ulishuka kwa pointi 19 za asilimia ukilinganisha na wenzao waliofanya peke yao. Jibu lililoandikwa vizuri lilikuwa limewatangulia kichwani.

Lakini dada yule hakuwa amesahau chochote. Jicho lake lilikuwa zima na akili yake ilifika palepale ilipofika ya kijana. Kilichokufa ni hatua iliyopaswa kufuata, mkono kwenda kwenye simu. Ofisi ilikuwa imeifanya hatua hiyo kuwa ghali kwake na kuufanya ukimya kuwa bure, na mwenye familia ya kulisha huchagua kilicho bure. Wanaolalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi wakae kwanza na swali lake. Mimi nimelikalia, na sijapata jibu la kumlaumu.

Nilimweleza bosi haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema ripoti ibaki lakini isisomwe hadharani. Haikutosha. Watu walijua bado inaandikwa.

Magari tuliyoyatoa bandarini kwa wingi kuliko mengine yote yalikuwa Toyota zilizotumika kutoka Japani, na huenda ndiyo sababu nilianza kusoma jinsi zinavyotengenezwa. Katika viwanda vya Toyota, utaratibu uliojengwa na watu kama Taiichi Ohno unampa mfanyakazi wa kawaida kamba juu ya kichwa chake. Akiona kasoro, anaivuta. Kiongozi wa kundi anamwendea, na wasipopata ufumbuzi kabla gari halijafika mwisho wa kituo chake, msururu unasimama. Kuvuta kamba ni sehemu ya kazi. Nilipolisoma hilo nilifikiria ripoti yetu ya Ijumaa. Tuliweka kamba, kisha tukaanza kuwahesabu waliovuta kama wakosaji.

Baadaye nilihamia ofisi nyingine, ndogo, ambayo nayo ilikuwa ikijiandaa kuanza kutumia akili unde. Nilipoulizwa masharti yangu, sikuzungumzia mshahara kwanza. Niliomba jambo moja: pendekezo la mashine lifichwe mpaka karani aandike lake, pamoja na sentensi moja ya sababu. Akishaandika, la mashine linafunguka. Yakifanana, faili linaendelea. Yakitofautiana, linawekwa kwenye orodha ya asubuhi, na asubuhi tunalijadili wote kwa pamoja kabla ya simu kuanza kulia. Hakuna anayepaswa kujitetea kuliko mwenzake. Karani anaeleza kwa nini, kisha tunaangalia mashine imetegemea nini.

Mwenye ofisi alikubali kwa shingo upande, na malalamiko yake hayakuwa ya bure. Tulienda polepole kuliko washindani wetu. Wapo makarani waliopitisha ankara kwenye programu nyingine za bure kwenye simu zao, wakaandika jibu hilo kama lao. Tuliwagundua kwa sababu sentensi zao za sababu zilifanana mno. Kwa ankara ndefu za bidhaa zinazojirudia, misumari na bawaba na makufuli, tuliacha utaratibu huu, tukairuhusu mashine itangulie. Kumlazimisha mtu afikirie msumari mara mia mbili ni kumchosha tu.

Kwenye mizigo yenye utata, hata hivyo, niliona watu wakirudi. Nakumbuka taa ndogo za sola zenye tundu la kuchajia simu. Mashine ilisema ni betri ya kuhifadhia umeme. Karani alisema ni taa ya kubeba inayojitegemea kwa umeme, 8513, kwa hoja kwamba mnunuzi wa kijijini ananunua mwanga, na chaji ya simu ni nyongeza. Mwingine akasema hapana, toleo la HS la 2022 limeongeza makundi ya taa za sola katika 9405, tuyasome kwanza. Wakafungua maelezo ya kitabu, wakaipekua taa yenyewe mezani, wakaipima betri yake, wakaisoma upya kanuni ya tatu inayohusu sifa kuu ya bidhaa. Mabishano yaliendelea mpaka chai ikapoa. Mwisho wake binti mdogo kuliko wote pale, aliyekuwa bado katika majaribio ya kazi, akauliza: "Kwa nini tusiombe uamuzi wa awali forodha kabla mzigo haujafika?" Uamuzi wa awali ni utaratibu unaomruhusu mwagizaji kuuliza mapema bidhaa yake itapangwa wapi; Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama kuwa nao. Sote tuliujua. Hakuna aliyekuwa ameufikiria siku ile isipokuwa yeye. Aliandika barua mwenyewe, akaambatanisha picha na sampuli, akaifuatilia mpaka jibu likaja kwa maandishi.

Mashine ilisaidia pale. Bila pendekezo lake la ajabu kuhusu betri tusingebishana, na bila mabishano binti asingeuliza. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka programu hizi zitupwe nje. Mashine ile ile iliyomnyamazisha dada wa Kurasini ndiyo iliyomchokoza huyu. Tofauti ilikuwa nani alitangulia kusema, na nani alibebeshwa mzigo wa kueleza.

Kuna jambo moja ambalo utaratibu wetu hauwezi kulimaliza, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mwaka 1983, miongo minne kabla ya haya yote, mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alichapisha makala fupi kuhusu mitambo ya viwandani inayojiendesha. Alionesha kwamba tunapoipa mitambo kazi nyepesi, tunamwachia binadamu kuisimamia na kuishika pale inaposhindwa, yaani sehemu ngumu kuliko zote, huku tukiwa tumemnyima mazoezi ya kila siku yaliyompa ujuzi huo. Aliongeza kwamba kizazi cha kwanza cha wasimamizi huwa kinaishi kwa ujuzi kilichoupata zamani, kilipokuwa kikiifanya kazi kwa mikono. Waliofuata hawatakuwa na akiba hiyo. Nilipoisoma niliwaona watu wa kitengo changu mmoja mmoja. Mimi na wa rika langu tunaikosoa mashine kwa sababu mzee alitupeleka bandari kavu. Makarani wanaoajiriwa mwaka huu wataikosoa kwa kutumia nini?

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa forodha pale Chuo cha Kodi, kwa chama chetu cha mawakala, TAFFA, na kwa kila mwenye ofisi kuanzia Kurasini mpaka Tunduma, Namanga na Rusumo. Mwaka wa kwanza wa karani apewe kitabu cha ushuru, simu, na nauli ya kwenda kuuona mzigo. Asaini majibu yake kwa jina lake, na akikosea arekebishwe na mtu anayemwita mwanangu. Programu aanze kuitumia mwaka wa pili, na kwa mizigo yenye utata aoneshwe pendekezo la mashine baada ya yeye kuandika lake. Na ile safu inayohesabu waliobadilisha pendekezo la mashine, kama ipo kwenye ripoti yako, ifute wiki hii.